Mzee aliyenisomesha Ujerumani hataki nimrudishie fedha. Nimshukuruje?

Binti wa Pasua

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa mnaojua mambo ya nyumbani huku Kilimanjaro.

Mwaka 2023 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Leipzig, Ujerumani. Ada haikuwa tatizo, kwani vyuo vingi vya umma kule havitozi ada ya masomo. Kikwazo kilikuwa viza. Lazima uoneshe una fedha ya kujikimu mwaka mzima, na wakati ule kiwango kilikuwa euro 11,208. Unaziweka zote kwenye akaunti maalum, ukishafika ulikuwa unafunguliwa euro 934 kwa mwezi. Kwa fedha yetu ilikuwa inakaribia milioni 30. Baba alishafariki, na mama ana meza ya maharage sokoni Mbuyuni.

Aliyetoa ni rafiki wa marehemu baba, mwalimu mstaafu wa Machame. Ni kiinua mgongo chake. Tulikwenda wote benki hapa Moshi. Alivaa koti lake la kanisani, akamwomba dada wa dirishani amsomee kiasi kwa sauti ya chini, akavaa miwani, akasaini taratibu herufi kwa herufi. Stakabadhi akaikunja, akaichomeka kwenye kitabu cha nyimbo. Habari ya kulipa hakuigusa kabisa.

Nimemaliza, nimerudi, nina kazi Arusha. Nilipompelekea fungu la kwanza alikataa hata kuishika bahasha. Akanieleza kwamba yeye alipobaki yatima, babu yangu aliuza kahawa akamlipia ada ya sekondari, kwa hiyo mimi na yeye hatudaiani. Baba hakuwahi kutusimulia hilo hata siku moja.

Sasa kaka anataka tukodi ukumbi mjini, tuweke MC, Mzee aitwe mbele atunzwe. Mama anataka twende kwake kimila, na mbuzi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi hofu yangu ni moja: sijui kama watoto wake wanajua fedha ile ilikokwenda. Nifanyeje nimheshimu bila kumletea maneno nyumbani kwake?

Mwana wa Kiboriloni

Dada, pole na hongera. Mimi nipo na kaka yako. Mtunzeni mbele za watu angali hai. Huku kwetu maneno mazuri yote tunayaweka akiba ya msibani, siku ambayo mwenyewe hasikii. Kodini ukumbi, pangeni ndafu, mvisheni suti mpya, vijana waone kwamba wema una heshima yake.

Mama Shanty Town

Mwanangu, ukumbi hapana. Mtu aliyemwomba karani asome kwa sauti ya chini, wewe ukamsomee kwenye spika?

Na mke wake sijaona akitajwa. Mimi ni mjane wa mwalimu, nayajua haya. Kiinua mgongo kinasubiriwa miaka na miaka, na mama wa nyumba ana hesabu zake: paa, tenki la maji, ng'ombe wa maziwa. Mume akisema fedha inakwenda kwa binti wa rafiki yangu, na mama akaridhia, basi huyo mama naye ametoa, sawasawa na mumewe. Anza na yeye. Mpelekee kitenge kizuri, kaa naye jikoni, menya naye ndizi, msikilize. Ukitoka hapo utajua kinachopungua katika nyumba ile bila kumhoji mtu.

Mkulima wa Lyamungo

Hilo la babu na kahawa limenigusa sana. Tangu KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, ianzishwe mwaka 1933, watoto wangapi wa mlima huu walisomeshwa na kahawa? Wazee wetu msimu wa malipo ndio uliokuwa msimu wa ada. Kwa hiyo Mzee anaposema hamdaiani, anasema kutoka moyoni, na ukimlazimisha apokee bahasha utakuwa umeugeuza wema wake kuwa mkopo. Fungu lile mtafutie mtoto anayesoma, awe mjukuu wake au yatima yeyote wa pale kijijini, kisha nenda kamwambie. Fedha ataikataa, lakini habari hiyo ataipokea kwa mikono miwili.

Fundi wa Sakina

Kuhusu watoto wake usikisie. Muulize Mzee mwenyewe, faraghani. Na popote mtakapofanyia shughuli, kiasi kisitajwe.

Binti wa Pasua

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mama Shanty Town, umeniliza. Huyo mama ndiye aliyenifungia karanga na unga wa ndizi siku naondoka KIA, akaniombea pale pale mlangoni huku abiria wanatupita.

Jana jioni nilimpigia Mzee. Amesema kabla ya kwenda benki waliketi kikao na watoto wote, hakuna aliyefichwa. Ukumbi hataki, ila nyumbani tunakaribishwa. Nimeambiwa pia mjukuu wao yuko kidato cha sita na anapenda uhandisi wa maji, ambao ndio niliousomea. Akichaguliwa chuo, ada yake nitaibeba mimi. Hilo nitamwambia Mzee ana kwa ana.

Kaka ameelewa, mbuzi atanunua yeye. Limebaki swali moja: baba hayupo, nani awe msemaji wetu? Mjomba au baba mdogo?

Mama Shanty Town

Baba mdogo. Mambo haya yalianzia kwa babu yako mzaa baba, basi azungumze mtoto wa babu huyo huyo, na kaka asimame pembeni yake. Wewe sema mwishoni, maneno machache, na ukisema umtazame mama pia.

Mbuzi mfikisheni akiwa mzima, Mzee amwone kabla hajachinjwa. Na mwambie mama yako aanze kuivisha ndizi za mbege wiki hii, maana mbege haiharakishwi. Kama Mzee hatumii, chukueni na maziwa.

Mkulima wa Lyamungo

Ndizi za kuivisha ninazo shambani. Mama akihitaji, niandikie faragha, nitazishusha Mbuyuni.