Klabu ya Kiingereza maktabani: wawili wanaongea, kumi na wawili tunatazama meza. Nifanyeje?

Binti_wa_Rafu

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada, na msinicheke sana maana nimeshachekwa vya kutosha.

Najitolea kwenye maktaba ya umma. Kazi yangu ilikuwa kurudisha vitabu kwenye rafu, na niliipenda kwa sababu haina maneno. Miezi mitatu iliyopita mwalimu aliyekuwa akiendesha klabu ya mazoezi ya Kiingereza alihama. Mkutubi akanitazama, akasema, "Si wewe unayesoma riwaya za Kiingereza kila siku? Basi chukua Jumamosi." Ndivyo nilivyopata uongozi. Kusoma nasoma kweli, ila ung'eng'e ukitakiwa kunitoka mdomoni unakuwa wa kuombea maji tu.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu 23, tukaazima viti vya chumba cha watoto. Mimi nilikalia kimojawapo, magoti yakanifika kidevuni, nikaendesha kikao hivyo hivyo. Jumamosi iliyopita tulikuwa 14.

Tunakaa duara. Naandika mada ubaoni, tuseme faida na hasara za simu, kisha nauliza nani aanze. Anaanza kaka mmoja ambaye nitamwita Wakili, ingawa si wakili. Anatiririka robo saa nzima. Akipumua tu, anadakia dada mmoja aliyewahi kuishi nje. Hawa wawili wanajibizana mpaka saa inakwisha, na sisi wengine tunatazama meza. Nikimwita mtu kwa jina anasema ameridhika na yaliyosemwa.

Kinachoniuma zaidi ni mama mmoja wa makamo mwenye daftari la jalada gumu. Wiki ya pili alijaribu kusimulia habari za mama mkwe wake, akamwita "he". Mtu akacheka. Mama akanyamaza, akaandika kitu kwenye daftari. Tangu siku hiyo hajasema neno, lakini haachi kuja. Anakuja, anaandika, anaondoka.

Na sasa mkutubi anataka wiki sita zijazo tufanye jioni ya kubadilishana utamaduni na wageni wa kutoka nje. Mara ya mwisho wageni walisimamishwa mbele, wakaulizwa "tuambieni kuhusu nchi yenu", zikapigwa picha, watu wakaenda makwao. Sijui kipi kilibadilishwa pale.

Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Chuma_cha_Pua

Dawa ni moja. Anayeongea Kiswahili mle ndani alipe faini, na mlangoni pawe na kiingilio ili waje walio makini tu. Watu wakitoa kitu cha mfukoni wataongea wenyewe.

Mkalimani_Njaa

Chuma, faini hiyo hiyo tulitozwa shuleni. Tulichojifunza ni kunyamaza. Darasa letu lilikuwa tulivu kuliko makaburi, mwalimu akadhani tumeendelea.

Na kiingilio maktabani? Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO kuhusu maktaba za umma, ile ya 1994 na ya 2022 iliyoihuisha, inasema huduma za maktaba ya umma kimsingi ni za bure. Kiingilio chako kitamfukuza yule mama wa daftari, na Wakili atalipa hata mara mbili apate jukwaa.

Mkutubi_Mstaafu

Binti yangu, pole na hongera. Nimekaa kwenye kaunta ya maktaba zaidi ya nusu ya umri wangu na klabu kama yako nimeziona zikizaliwa na kufa. Huwa zinauawa na duara.

Piga hesabu. Una dakika 60 na watu 14. Hata Wakili akiwa malaika, na zamu zikagawanywa sawasawa bila sekunde kupotea, kila mtu anapata dakika nne na ushee. Katika wiki nzima! Wagawe wawili wawili, kila mmoja anapata dakika 30. Na chumba kizima kikiongea kwa mpigo hakuna wa kumsikiliza mtu akikosea isipokuwa mwenzake, ambaye naye anakosea. Aibu inakosa watazamaji.

Sasa kuhusu namna. Kuna zoezi ambalo walimu wa lugha huliita nne-tatu-mbili. Liliandikwa na Keith Maurice mwaka 1983, na baadaye Paul Nation ndiye aliyelichunguza na kulieneza. Panga viti safu mbili zinazotazamana. Safu A inasimulia kitu kimoja kwa dakika nne, safu B inasikiliza tu, bila kudakia. Kisha safu A inasogea kiti kimoja, na mtu yule yule anasimulia jambo lile lile kwa msikilizaji mpya, safari hii kwa dakika tatu. Anasogea tena, dakika mbili. Halafu safu B inachukua zamu yake.

Utaona jambo la ajabu kwenye mzunguko wa tatu. Yale "eee... aaa..." yanapungua kwa sababu mtu hatafuti tena la kusema. Analo, na maneno yake ameshayapitia mara mbili. Na kwa kuwa msikilizaji ni mpya, hachoki kusikia wala msemaji haoni haya kurudia. Wakili naye atabanwa na saa, si na wewe. Hilo litakuokoa na ugomvi.

Mada zako nazo, samahani, ni za mtihani. "Faida na hasara" inamtaka mtu awe na hoja na Kiingereza kwa pamoja. Mpe kitu ambacho hoja anayo tayari: njia anayopita kutoka nyumbani hadi maktabani, kovu mwilini na lilivyopatikana, kifaa kilichomharibikia wiki hii. Usishangae ukikuta wa kovu ndiye anayeongea kuliko wote.

Kusahihisha: usimkatize mtu. Tembea nyuma ya viti na karatasi, andika makosa unayoyasikia, na dakika kumi za mwisho yaandike ubaoni bila kutaja ni ya nani. Kama ni lazima umrekebishe papo hapo, rudia sentensi yake ikiwa imenyooka kana kwamba unamjibu, kisha endelea. Akisema "he is sick, my mother-in-law", wewe sema, "Oh, she is sick? Since when?" Basi.

Na kuhusu lile kosa la yule mama, aliyecheka alikuwa anacheka asichokijua. Kwetu "alikuja" ni alikuja, awe bwana au bibi. Kiambishi ni kimoja na "yeye" ni mmoja. Kiingereza kinakulazimisha useme jinsia ya mtu kabla hata hujamaliza kumfikiria. Kila Mswahili huteleza hapo, wakiwemo maprofesa. Liandike ubaoni siku moja kama somo la wote, mama asikie kwamba si ujinga wake.

Mkalimani_Njaa

Niongezee hapo kwa mama. Kosa lingine la namna hiyo ni "pole". Mgeni aliniambia baba yake amelazwa, nikamwambia "sorry". Akanijibu si kosa langu. Nikabaki nimeganda. Mimi nilikuwa nampa pole, yeye alisikia naomba radhi. Baadaye niligundua hata ukiwa na msamiati wote, "pole" haina pacha kule. Aliyejikwaa, aliyetoka kazini, mwenye mafua, mfiwa, wote kwetu wanapewa neno moja. Kwao unatafuta la kila mmoja.

Fundi_Saa

Hadithi fupi. Klabu yetu ilialika mgeni saa nane mchana. Mwenzetu akatafsiri mwaliko, akaandika "eight". Mgeni alifika saa mbili asubuhi, akamkuta mfagizi. Akangoja saa sita nzima akisoma magazeti. Sisi tulipofika tukamkuta amekasirika kwa adabu, ile hasira ya kutabasamu.

Tukamweleza kwamba saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na kila saa yao unaongeza au unapunguza sita. Akachukua karatasi, akachora saa mbili, akaanza kutuuliza maswali. Ratiba tuliyopanga haikuguswa. Saa nzima iliisha tukitafsiriana saa, na hata wale mabubu wetu waliongea, maana mjuzi alikuwa Mswahili na mwanafunzi alikuwa mgeni.

Binti_wa_Rafu

Mkutubi, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara tatu, na safu mbili nitazijaribu Jumamosi hii. Fundi_Saa umenifanya nicheke kwa sauti kwenye chumba cha kusomea, nimenyooshewa kidole kwenye bango la "Kimya".

Ila jioni ya wageni bado inaninyima usingizi. Na je, wageni wasipokuwa Waingereza wala Wamarekani? Mkutubi wetu wa hapa amepata wanne tu, na watatu kati yao Kiingereza wamejifunza ukubwani kama sisi.

Mkutubi_Mstaafu

Marahaba binti. Hao watatu ndio bora! Duniani wanaoongea Kiingereza kama lugha ya kujifunza ni wengi kuliko waliozaliwa nacho. Wanachama wako wakienda kutafuta kazi au masomo, wataongea zaidi na watu wa aina hiyo. Tena mtu aliyekihangaikia Kiingereza huongea polepole na hukumbuka palipomshinda.

Usiwasimamishe mbele. Mwaka 2000, kwenye tamasha la muziki la Roskilde huko Denmaki, vijana walianzisha kitu kinachoitwa Maktaba ya Watu: badala ya kuazima kitabu unaazima mtu, mnakaa naye mezani, unamuuliza, yeye anakujibu, kisha unamrudisha. Imeenea nchi nyingi tangu hapo. Chukua wazo hilo ulipunguze liwatoshe. Meza nne, mgeni mmoja kila meza, wanachama watatu au wanne, dakika 15, kisha wanachama wanahama. Kila mgeni achague mwenyewe jambo analotaka kusimulia kumhusu yeye. Asipewe kazi ya kuwa balozi wa taifa lake. Nani kati yetu angependa kuulizwa "tuambie kuhusu nchi yako" na akajua aanzie wapi?

Na nusu ya muda iwe ya Kiswahili. Hili usilegeze. Alichokisimulia Fundi_Saa ndicho hicho. Bila hivyo mtakuwa mmehudhuria darasa la bure, mkaliita mabadilishano. Kama mkutubi wenu anaweza kusogeza tarehe, ilete karibu na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, apate na sababu ya kubandika tangazo.

Kigae_Kimoja

Wakuu, mimi nimekuja na mchezo tu. Tafuteni Jenga, ile minara ya vipande vya mbao. Andika swali kwa penseli kwenye kila kipande: anayekivuta anajibu kabla ya kukiweka juu. Vipande ni 54, kwa hiyo maswali hayataisha. Mikono ikiwa na kazi, ulimi unasahau kuogopa.

Halafu waulizeni wageni jina la mchezo limetoka wapi. Wengi hawajui kwamba ni "jenga" hii hii yetu ya kujenga nyumba. Aliyeubuni, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki, akauzindua London mwaka 1983 na akakataa jina libadilishwe. Mtu amelitamka neno la Kiswahili utoto wake wote bila kujua! Hapo mna mazungumzo ya robo saa.

Chuma_cha_Pua

Nafuatilia uzi. Faini nimeiondoa.

Binti_wa_Rafu

Wakuu, mrejesho baada ya Jumamosi mbili.

Ya kwanza ilikuwa vurugu. Nilisahau kusema safu ipi inasogea, zote zikasogea, watu wakajikuta wanatazamana na wale wale. Kelele zikavuka ukuta, msomaji mmoja akaja kulalamika kwamba anajiandaa na mtihani. Alikuwa na haki. Tumehamia chumba cha mwisho karibu na stoo. Wakili hakupenda kukatizwa na kengele, na kwenye mzunguko wa dakika mbili alikuwa bado yuko kwenye utangulizi. Hakuaga alipoondoka. Jumamosi ya pili alirudi, na nimempa kazi ya kushika saa. Anaipenda kupita kiasi, anahesabu sekunde kumi za mwisho kwa sauti.

Mada ya pili ilikuwa kovu. Mama wa daftari alikaa mbele yangu kwa sababu idadi ilikuwa witiri, nikalazimika kuingia kwenye safu. Akafungua daftari. Kumbe muda wote ule alikuwa akiandika, Jumamosi baada ya Jumamosi, majibu aliyotaka kuyatoa kwenye kila mada na hakuyatoa. Kurasa na kurasa. Alilifunga, akaanza kusimulia kovu la kiwiko bila kulitazama. Mama mkwe yumo ndani ya hadithi. Alimwita "he" mara mbili, akajirekebisha mwenyewe mara ya tatu, na kwangu mimi hakuna aliyekuwa akihesabu, isipokuwa kwamba nimehesabu.

Tarehe imesogezwa. Jenga tumeazimwa na mtoto wa mkutubi, vipande vitatu havipo. Mialiko ya wageni nimeiandika jana usiku, na muda nimeuweka kwa tarakimu, 17:00, Fundi_Saa usiwe na wasiwasi.