Muuzaji wa mafuta ya ndege za rimoti hapa Dar: chupa haina lebo, injini imenoki, halafu naambiwa "ulitakiwa utikise"

Wakuu habari za wikiendi. Najua kuna watu humu wakisoma kichwa cha uzi tu washajua namsema nani na wengine mshaanza kuandaa utetezi, subirini nimalize kwanza. Jina lake sitaji na duka lake sitaji, modi asije akafunga uzi bure. Nataka tu hili jambo likae sehemu ambayo mgeni akitafuta atalikuta, maana kule kwenye grupu la WhatsApp nikiandika linafutwa kabla hata sijaweka simu chini, admin mshkaji wake.

Kwa wasio wa mchezo huu niwape picha. Hizi injini zetu ndogo hazitumii petroli wala hazina umeme wa kuchoma plagi kama ya bodaboda. Plagi yake ina kiwaya kidogo chenye platinamu, unakipasha moto na betri ya volti moja na nusu, injini ikishika unatoa betri, na kile kiwaya kinaendelea kuwaka chenyewe kwa sababu mvuke wa methanoli, ile spiriti tunayotumia kama mafuta, ukigusa platinamu unatoa joto. Ndio maana lazima iwe methanoli. Halafu hakuna sehemu ya kumwaga oili pembeni ukasema leo nafanya sevisi. Oili inachanganywa humohumo kwenye mafuta, inaingia, inalainisha pistoni na beringi, inatokea ekzosi. Kwa hiyo mtu akikuuzia mafuta yasiyo na oili ya maana amekuuzia injini ikatembee kavu. Sijui hapo pana ugumu gani kuelewa.

Mimi najenga baipleni, bawa la juu na bawa la chini. Hii niliyokuwa nayo ni Tiger Moth, wigo wa mabawa kama mita moja na nusu, yaani takriban moja ya sita ya ile ya kweli iliyoruka mara ya kwanza 1931. Mbavu zote nimekata kwa mkono, balsa nimeagiza maana hapa mbao nyepesi kiasi kile hupati, nimezibandika, nimesugua msasa, nimevalisha filamu kwa pasi usiku umeme ukiwepo. Na Tiger Moth sio ndege ya kubahatisha, bawa la juu limesogezwa mbele halafu ncha zimerudi nyuma, waliifanya hivyo ile kubwa ili aliyekaa siti ya mbele aweze kutoka na parachuti bila kugonga nguzo, kwa hiyo kwenye modeli kila nguzo ina urefu wake na ukikosea milimita chache bawa moja linatazama juu lingine chini, ndege inaruka kama mlevi. Pua ni fupi, imebidi nijaze vipande vya madini ya risasi mbele mpaka ikae sawa kwenye mizani. Kwenye chumba cha injini nikapaka epoksi kila kona kwa sababu methanoli na oili vikiingia kwenye balsa mbao inakuwa sponji. Injini ni ya stroku nne, cc 10, imetunzwa kuliko hata simu yangu.

Sasa tatizo letu wote ni mafuta. Kuagiza kwa ndege ni shida, methanoli ni kimiminika cha hatari, inawaka na ni sumu, kampuni za vifurushi zikisoma tu kwenye fomu zinakurudishia. Ije kwa meli basi, na iwe na vibali. Matokeo yake hapa mjini kuna jamaa mmoja tu wa kutegemea, na yeye anajua hilo vizuri sana.

Nikamfuata. Nikasema nataka nitro (nitromethani, ya kuongeza nguvu) asilimia 10, oili asilimia 18, na oili iwe ya nyonyo au sintetiki ya ndege, sio nyingine. Akasema ndio hiyohiyo mzee, usijali, laki na ishirini. Nikatoa. Akaingia ndani akatoka na chupa za maji ya kunywa. Chupa za maji wakuu, lebo ya maji bado ipo, ndani kimiminika cha njano hafifu kama juisi iliyozidishwa maji. Nikamuuliza mbona haijaandikwa kitu, akacheka, eti wateja wangu wote wananijua.

Nikaenda uwanjani. Injini ikashika, nikafungua sindano ya kabureta mpaka mzunguko ukashuka vile inavyotakiwa ikiwa inakunywa mafuta mengi, lakini moshi hauonekani. Nikampigia palepale. Jibu lake: "hiyo oili ya kisasa, haina moshi, wewe rusha." Sauti ilikuwa nzuri, ndege ikakimbia kwenye nyasi, mkia ukanyanyuka, ikaachia ardhi vizuri kabisa. Ilipofika kama urefu wa minazi inapanda, injini ikalia ule mlio mwembamba, ikakata. Sio ile ya kupungua nguvu taratibu, imekata kama umezima swichi, propela imesimama pale.

Wanaorusha ndege za kujifunzia za bawa moja juu wataniambia si ungeshusha tu taratibu. Jamani baipleni haitelezi hewani. Ina mabawa mawili, nguzo, waya, matairi nje, vyote vinashika upepo. Injini ikizima ikiwa inapanda mwendo unaisha papo hapo, unatakiwa usukume pua chini muda huohuo na uwe na urefu wa kutosha kurudisha mwendo. Pua nilisukuma. Urefu ndio haukuwepo. Bawa la chini limeng'oka na kipande cha bodi, nguzo za katikati zimepasua bawa la juu, sevo moja (kimota cha kuendeshea usukani) sijaiona mpaka leo, ipo kwenye majani huko Kigamboni.

Nyumbani nikafungua injini. Pistoni ina michirizi ya kucha upande wa ekzosi, ringi imeganda, silinda ndani imekwaruzika, imenoki kabisa. Kilichoniuma zaidi ni chupa niliyokuwa sijaifungua. Nilikuwa nimeiweka kwenye rafu tangu jana yake, nikaiangalia kwenye mwanga wa taa, ina tabaka mbili! Juu kimiminika cheupe kama maji, chini utando mnene wa njano umetulia zake. Na pampu ya kujazia tangi nilikuwa nimeichovya juu juu kwenye ile chupa ya kwanza, kama kila mtu anavyofanya, kwa hiyo tangi langu limeingia methanoli karibu tupu na oili imebaki chini ya chupa.

Nyonyo halisi haifanyi hivyo. Nyonyo inayeyuka kwenye methanoli inakuwa kitu kimoja, ukiiacha mwezi inabaki kitu kimoja, ndio sababu watu wa ndege wameitumia tangu enzi hizo na sio mafuta ya alizeti. Oili ya gari haikubali, mafuta ya kupikia hayakubali. Sasa hii imeganda chini ni nini? Nikatikisa chupa vizuri, nikapima mililita 100 kwenye glasi, nikaiweka barazani juu kabisa mbali na watoto na mbali na moto, nikaacha methanoli iruke yote. Iliyobaki haikufika hata mililita 10. Na inanukia. Wakuu inanukia saluni! Hayo ni mafuta ya nyonyo ya nywele, yale ya vichupa vya Kariakoo yaliyochanganywa na mafuta mengine na manukato, kuna mtu anakuza nywele zake nayo mahali fulani hapa mjini na mimi nimeikuzia injini.

Sikuishia hapo. Lita moja ya methanoli safi ina gramu kama 790. Nyonyo ni kama 960, nitro ni nzito zaidi, 1,140. Ukichanganya kwa zile asilimia alizoniahidi lita moja lazima ipite gramu 850. Nimepima kwenye mzani wa jikoni nikitoa uzito wa chupa, inacheza kwenye 800. Hapo nitro hakuna na oili ni nusu ya iliyosemwa, hesabu inagoma huku na huku. Mwenye mzani na chupa ya huyu jamaa apime leo aweke picha hapa.

Nikampigia tena kwa heshima zote, nikaanza na shikamoo maana ni mtu mzima. Ananiambia: "Kijana, ulitakiwa utikise kabla ya kutumia." Kama dawa ya kikohozi! Nikamwambia mzee wangu mafuta ya ndege hayatikiswi, na hata nikitikisa kwenye chupa nani atayatikisa ndani ya tangi ndege ikisubiri zamu yake uwanjani? Akakata. Baadaye nasikia kwenye grupu kaandika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kutuni injini, na watu wazima na akili zao wakaweka vidole gumba.

Halafu kuna hili la chupa, na hapa sitanii. Hiyo ni methanoli. Vijiko vichache vinatosha kumpofusha mtu macho, na zaidi ya hapo ni kaburi. Kenya 2014 watu kwa makumi walikufa Embu, Kitui na kaunti nyingine kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine waliobaki wakabaki hawaoni. Huyu mtu anaiuza kwenye chupa ya maji ya kunywa yenye lebo ya maji, mnaiweka kwenye buti la gari, mnaenda uwanjani na watoto, jua kali, mtoto ana kiu. Na ikimwagika ikashika moto mchana moto wake hauonekani, unaona tu nyasi zinasinyaa. Biashara ya kemikali nchi hii ina sheria yake tangu 2003 na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali, sio kwamba hakuna wa kuulizwa.

Anahifadhi vipi sasa? Pipa limefunguliwa, limefunikwa na mfuko wa nailoni na raba. Dar hii, unyevu huu wa bahari. Methanoli inavuta maji kutoka hewani, ukiiacha wazi inajiongezea maji yenyewe, na maji hayo yanaenda moja kwa moja kwenye beringi ya nyuma. Ya kwangu nimeikuta na kutu ya rangi ya udongo, na mimi kila nikimaliza kurusha nabana mpira wa mafuta injini imalize yaliyomo, halafu naweka matone ya oili, nageuza propela kwa mkono. Sasa kutu imetoka wapi?

Kinachonichefua ni kwamba hakuwa na haja ya kudanganya. Nitro ni ghali na ngumu kupata, tunajua, hata Ulaya mtu wa kawaida haruhusiwi kununua mchanganyiko unaozidi asilimia 16 bila kibali. Angeniambia tu kijana nitro sina. Mafuta bila nitro yanafanya kazi, kwenye mashindano ya FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, ya ndege za mbio za kuendeshwa kwa waya wanaruka kwa methanoli 80 na oili 20, hakuna nitro hata tone, na injini zao zinapiga kelele mpaka unaziba masikio. Unafungua sindano tofauti kidogo, unatafuta plagi inayofaa, maisha yanaendelea. Ningelipa hiyohiyo laki na ishirini na ningemshukuru.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu ya ukurasa wa kwanza:

Aliyesema "hamia umeme acha kulia", mkuu ndege za umeme ninazo, sina ugomvi nazo. Lakini Moth ya betri inalia kama blenda. Hizi Moth ndio zilizofungua anga la huku, Wilson Airways ya Nairobi ilianza 1929 na Gipsy Moth, mimi nataka nisikie stroku nne ikibubujika pale ikipita chini chini mbele yangu. Kama wewe huhitaji hiyo sauti pita nyuzi nyingine.

Aliyesema "tukimkosoa atagoma kutuuzia", ndio hasa anachotaka uamini. Agome. Tuko wengi wa kutosha kuchangishana tukanunua methanoli safi kwa muuzaji wa kemikali aliyesajiliwa, kwa karatasi, kwenye dumu lake lenye alama ya sumu, na nyonyo safi isiyo na manukato, tukachanganya kwa mzani na kila chupa ikaandikwa kilichomo na tarehe. Hiyo 80 kwa 20 haihitaji profesa. Ila kwa injini za stroku nne msiige asilimia 20 kichwa kichwa, someni kitabu cha injini yako kinasema oili kiasi gani.

Aliyenitumia PM kunitisha kwamba namharibia mtu riziki, nimepiga skrinishoti. Chupa ya pili nimeifunga vilevile ilivyo na tabaka zake, na glasi ya ile oili ya saluni nimeihifadhi. Pesa yangu na gharama ya pistoni, ringi na silinda nazitaka, na asiporudisha hadi mwisho wa mwezi chupa inaenda kwa Mkemia Mkuu, huko hawatatikisa.

Mwenye beringi ya nyuma na ringi za stroku nne ya cc 10, hata kama ni za injini iliyokufa kwa ajali, anicheki PM. Bei tutaongea, na balsa ya milimita 3 pia nahitaji.