Starlet yangu inazima kwenye foleni, nisaidieni kabla ya Ijumaa

Mtu wa Tororo: Wakubwa, salamu. Niko Jinja, nina Starlet EP71 ya 1988, injini ya 2E ya kabureta. Tangu wiki jana sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, haitulii: inapanda, inashuka, nikisimama inazima. Plagi mpya, filta ya hewa mpya. Karibu na kabureta kuna vimipira vyembamba vingi, vinanichanganya. Vya vakyumu, yaani vya mvuto wa hewa wa injini, ni vipi, na nianzie wapi? Ijumaa nampeleka mama Tororo.

Spana14: Uza, tafuta ya injekta. Corona yangu ya kabureta iliniacha ndani ya msitu wa Mabira saa tatu usiku, mvua inanyesha, simu haina chaji. Nililala humo humo.

Mzee wa Ndeeba: Ndugu, fungua boneti utazame upande wake wa ndani. Kuna karatasi imebandikwa yenye mchoro wa mipira ya vakyumu. Maandishi ni ya Kijapani, lakini mistari unaifuata kwa kidole. Anzia kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ndiyo inayovuta. Kuna mpira wa distribyuta, kuna ya vifaa vya kabureta, na ule mnene kuliko yote unakwenda kwenye busta ya breki, ile inayosaidia mguu kukanyaga. Kunja kila ncha: mpira uliokauka hupasuka hapo. Washa injini, weka ncha ya mpira mrefu sikioni, ncha ya pili ipitishe kwenye kila kiungo mpaka usikie "sss". Usitafute kwa kumwaga petroli, itawaka. Na breki zikoje?

Mtu wa Tororo: Breki zipo, mzee. Ila makanika anasema ni kabureta, na nimeshalipia nyingine soko la vipuri la Kisekka, Kampala, shilingi 150,000 kati ya 350,000.

Mzee wa Ndeeba: Nimeuliza zikoje. Kanyagio ni laini au gumu?

Mtu wa Tororo: Gumu kidogo. Mpira mnene ulikuwa unavuja, makanika akauziba kwa boliti. Breki zinashika ukikanyaga kwa nguvu. Nimepeleka watoto shule wiki nzima, na siendi kasi.

MamaWawili: Wiki nzima na watoto ndani? Ssebo, barabara hiyo ina malori ya mpakani Malaba usiku na mchana. Mama yako mwache apande basi.

Dizeli_Mbarara: Akipimiwa vakyumu asiogope namba. Vitabu vinasema inchi 17 hadi 22 za zebaki, lakini hiyo ni usawa wa bahari. Kila futi 1,000 hupunguza kama inchi 1, na Jinja iko karibu futi 3,700. Mimi nilisoma 15 nikafungua kichwa cha injini bure.

Bugembe_Boy: Mimi siuamini uzi huu. Mpira wa busta ukizibwa, hewa haiingii tena, sailensi inatulia. Yake bado inazima. Huyu hana gari, anatupotezea muda.

Mtu wa Tororo: Ninalo, na nimetoka nje sasa hivi na tochi. Mpira ulikatwa. Boliti iko kwenye kipande cha upande wa busta. Upande wa manifoldi amefunga tyubu ya baiskeli, imenyonywa katikati mpaka ikatoboka. Nikiibana kwa dole gumba injini inatulia kabisa. Nikiachia, inayumba.

Mzee wa Ndeeba: Ndiyo hiyo. Nunua mpira wa busta wenyewe, wenye ukuta mnene. Wa maji ukivutwa hujibana. Valvu yake ipulize, hewa ipite upande mmoja tu. Ukishafunga, injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara tano sita mpaka ziwe ngumu, shikilia hapo hapo, washa. Kanyagio lizame kidogo. Lisipozama, gari lisitoke.

Bugembe_Boy: Samahani, ndugu. Nilikukosea.

Mtu wa Tororo: Yameisha. Kesho watoto watakwenda kwa miguu. Sasa yule wa Kisekka, kabureta sijaichukua bado. Atanirudishia zile 150,000?