Mrejesho: timu ya programu ya korosho, Mtwara

Wakuu, niliuliza kwa nini timu yetu ya kuunda programu ya kompyuta ya korosho ilipungua kasi tulipoongeza watu kutoka 4 hadi 9. Asanteni, mlikuwa sahihi: njia za mawasiliano (kila watu wawili ni njia moja) zilipanda kutoka 6 hadi 36. Tumegawa vikundi 3 vya watu watatu watatu: mizani ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), stakabadhi za ghala (hati za mzigo uliopokelewa ghalani), malipo ya mkulima. Kasi imerudi.

Kilichosumbua ni hifadhidata. Vikundi viwili vilitumia jedwali moja. Kimoja kikabadili jina la safu, malipo yakagoma. Sasa kila jedwali lina kikundi chake, wengine wanaomba taarifa kwake tu, na badiliko lolote hukaguliwa na mtu wa pili. Siku ya mnada wa korosho hatutoi toleo jipya, hata liwe dogo vipi.