Mnaoskani vitabu vya kale, karatasi iliyokunjwa si mnaikunjua kwanza?

Wakuu, acha niseme, maana nimekesha bure.

Kuna maktaba moja ya kidijitali ya vitabu vya wataalamu wa viumbe wa zamani, siitaji jina. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mchoro mkubwa wa mlima Chimborazo wa kule Ekuador, uliotoka na kitabu cha jiografia ya mimea cha Humboldt, yule mtaalamu wa viumbe Mjerumani, 1807. Mlima umepasuliwa ubavu, majina ya mimea yameandikwa kwenye mteremko, kila jina pale mmea unapoota, kutoka kwenye joto la huko bondeni mpaka karibu na theluji. Pembeni kuna safu za vipimo: joto, kanieneo ya hewa na kadhalika. Yaani kitabu kizima kinauelezea huo mchoro.

Nafungua ukurasa. Umekunjwa! Aliyeskani kaukuta umekunjwa, kaupiga picha hivyo hivyo, kaendelea zake. Kinachoonekana ni mgongo wa karatasi, wino umepenya kwa nyuma, na pembeni kidole kimevaa glavu. Kidole nimekiona vizuri, hadi mshono wa glavu. Chimborazo sijauona.

Humboldt na mwenzake wa safari Bonpland waliukwea mlima ule 1802, hewa nyepesi, fizi zinawatoka damu. Wewe umekaa kwenye kiti, mkunjo tu umekushinda?

Nikasema basi nisake maneno kwenye vitabu vingine. Wapi! Vya karne ya 18 vingi vina ile s ndefu inayofanana na f, na kompyuta yao inasoma "fpecies". Ukiandika species kama mtu mwenye akili timamu, unaambiwa hakuna kitu. Sasa nasaka kwa kukosea makusudi, na majibu yanamiminika. Aibu hii!

Orodha yao ndiyo usiseme. Kitabu cha Darwin cha asili ya spishi kilitoka matoleo sita akiwa hai, 1859 hadi 1872, na alikuwa anabadilisha maneno kila mara. Wao yote wameyabandika 1859. Mwanafunzi ananukuu la sita akidhani ni la kwanza, nani atamwokoa?

Nimewaandikia mara tatu. Jibu ni lile lile la mashine: asante kwa maoni yako.

Mwenye skani ya Chimborazo iliyokunjuliwa, yenye majina yanayosomeka, aweke hapa. Ile ya kidole ninayo.