Nina kisukari, nikitembea asubuhi natetemeka. Niache mazoezi?

FundiSuruali: Habari zenu wakuu. Nina miaka 54, fundi cherehani hapa Tanga, kisukari aina ya pili ninacho tangu 2016. Natumia vidonge vya metformin na glibenclamide. Kliniki wananisisitizia mazoezi maana kazi yangu ni ya kukaa kutwa, kwa hiyo nikishaswali alfajiri nateremka hadi Raskazone na kurudi. Shida ni wakati wa kurudi: kijasho chembamba, mikono inatetemeka, miguu inalegea. Juzi nilikaa pembeni ya barabara mpaka kijana wa bodaboda akanibeba. Mke wangu anasema niache. Na hivi, kukanyaga cherehani hakuhesabiki?

BabaZuu: Pole mkuu. Pumzika kwanza. Tafuta unga wa mlonge, vidonge utavipunguza taratibu.

NesiMstaafu: BabaZuu, mlonge tuuache kando, watu wanalazwa kwa ushauri huo. Kaka fundi, vidonge unameza saa ngapi, na unatoka umekula?

FundiSuruali: Nameza nikiamka, nisije nikasahau. Chai mpaka nirudi.

NesiMstaafu: Basi hapo ndipo penyewe. Glibenclamide humezwa na chakula. Inalazimisha kongosho kutoa insulini, kichocheo kinachoshusha sukari, hata tumbo likiwa tupu, na misuli nayo ikitembea inavuta sukari. Dalili zako ni za sukari kushuka. Chini ya 3.9 kwenye mashine ya kupimia (mmol/L) tayari ni hatari. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo.

Usiache kutembea, hamisha saa. Toka baada ya chai, au jioni ukishakula. Pima kwanza: ikiwa chini ya 5, kula ndizi ndipo utoke. Ikizidi 13.9 na hujisikii vizuri, siku hiyo baki nyumbani. Mfukoni weka sukari, vijiko vitatu vinne vya chai, au soda ya kawaida (zile zisizo na sukari hazikusaidii kitu). Ukianza kutetemeka, kaa, kunywa nusu chupa, pima tena baada ya dakika 15. Usijikaze eti nyumbani karibu. Na kliniki waambie yote haya, huenda wakabadilisha dawa, wewe usiibadilishe.

Cherehani inasaidia kidogo, ila haikupandishi pumzi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki, na unaweza kuzigawa kumikumi.

Mwana_Chumbageni: Shikamoo mzee. Usitembee na kandambili. Kisukari kinaweza kutia miguu ganzi: baba yangu alikanyaga msumari asihisi kitu, tukaja kuona damu kwenye shuka. Vaa raba na soksi, kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, na jioni kagua nyayo, hata kwa kioo.

FundiSuruali: Marahaba mwanangu. Nesi, stripu za kupimia sukari ni ghali. Nikipima kabla ya kutoka tu haitoshi?

NesiMstaafu: Wiki mbili za mwanzo pima na ukirudi, na kabla ya kulala pia, kwa sababu sukari huendelea kushuka saa nyingi baada ya mazoezi. Andika kwenye daftari la kliniki. Ukishaujua mwili wako, utapunguza.