Naomba ushauri: Picha ya babu "Kapteni" wakati wa vita, na kibao cha kaburi kinachongwa wiki hii

Wanajamvi habari zenu, wakubwa shikamooni.

Kwetu ni Tanga, Ngamiani, na ukoo wetu tangu zamani unaitwa "kwa Kapteni". Sebuleni kwa baba mkubwa kuna picha kuukuu kwenye fremu ya kioo. Sote tumekua tukiambiwa huyo ndiye babu, mzaa baba, akiwa ofisa wa keya (KAR, jeshi la Waingereza la King's African Rifles) vita vya Hitla, kabla hajapelekwa Bama (Burma). Mwezi ujao tuna hitima, na baba mkubwa ameagiza kibao cha marumaru kiandikwe "Kapteni wa KAR". Fundi ameshachukua nusu ya hela.

Juzi nilipewa kazi ya kuipiga picha hiyo kwa simu ili ichapishwe kubwa. Nikaivuta kwenye skrini, na tangu hapo sina raha. Babu amevaa nyeupe tupu, kofia ya bapa, nyuzi za mapambo mabegani, glavu, upanga mkononi. Hayo sawa. Lakini nyuma yake wanaume sita wamebeba meli begani! Manowari kabisa, ya mbao na turubai, bomba lake la moshi ni debe. Kuna tarumbeta mbili na ngoma kubwa, na wanawake wamejaa barazani. Nilipofungua ubao wa fremu nikakuta kwa penseli "Tanga, wakati wa vita", na chini yake maandishi ya kuchapwa yaliyofifia.

Jeshi gani hubeba meli begani? Nikimuuliza baba mkubwa ataona namvunjia marehemu heshima. Halafu picha imegandana na kioo upande wa kulia, naogopa kuitoa. Nifanyeje?

FundiPicha:
Usiivute hata kidogo. Niliwahi kuletewa picha iliyong'olewa hivyo, sura yote ilibaki kwenye kioo. Ngozi ya juu ya picha hizo ni jelatini, ikipata unyevu inanata kama gundi, na hewa ya Tanga unaijua. Iskani pamoja na kioo chake, kwa ukali wa dpi 600 kwenda juu. Kama ni simu, iweke kivulini karibu na dirisha, zima flashi, mtu asimame nyuma yako na kitambaa cheusi kuua mng'ao. Usiitie selotepu wala kuilaminisha. Hayo maandishi yaliyofifia yamulike kwa tochi ya pembeni utuambie yanasemaje.

Mleta uzi:
Nimemulika. Ni neno moja tu: POSTKARTE.

MwalimuMstaafu:
Hapo mwanangu mambo yamegeuka. Hicho ni Kijerumani. Picha imesafishwa kwenye karatasi ya postikadi ya enzi ya Mjerumani, na Waingereza waliingia Tanga Julai 1916. Karatasi inaweza kubaki dukani miaka kadhaa, lakini haifiki vita vya Hitla. "Wakati wa vita" hapo ni vita vya kwanza, vile vilivyoanza kwenu na mapigano ya Novemba 1914, yale ambayo nyuki waliwavamia askari. Babu yako alizaliwa lini?

Na hiyo manowari ndiyo inayoniambia tunaangalia nini. Hiyo ni beni, ngoma ya kuiga bendi na gwaride la jeshi. Pwani yote, Lamu, Mombasa, Tanga hadi Dar, watu waligawanyika vyama na kushindana kwa gwaride, tarumbeta, sare na karamu. Huko kwenu na Dar vilikuwa Marini na Arinoti. Marini ndio waliojivunia utanashati, na jina lenyewe ni la wanajeshi wa majini, kwa hiyo nguo nyeupe na meli si ajabu. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake: Kingi, Jenerali, Kapteni. Vita vilipowatawanya askari na wapagazi, beni ikaenda nao mpaka Nyasa na Kongo. Usidhani ulikuwa mchezo wa kupotezea muda. Mwenzao akifa walimzika, mgeni akifika mjini alipokewa na chama.

MjukuuWaKeya:
Naongeza upande wa jeshi. Mwafrika hakuwa kapteni KAR, si vita vya kwanza wala vya pili. Hata 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipopita bonde la Kabaw kule Bama, maofisa walikuwa Wazungu. Tafuteni cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, mara nyingi kiko kwenye sanduku la bati pamoja na hati za shamba. Cheo chake kitakuwa kimeandikwa.

Dada wa Pongwe:
Mimi nasema acha. Baba mkubwa ni mtu mzima, ameishi na jina hilo maisha yake yote. Msimtoe machozi kwa ajili ya postikadi.

MwalimuMstaafu:
Dada, nakuelewa, ila marumaru haifutiki. Cha muhimu ni nani anaambiwa nini, na anaambiwa na nani. Asiseme kijana. Je, hakuna mkubwa kuliko baba mkubwa?

Mleta uzi:
Yupo shangazi, ana miaka 91.

MwalimuMstaafu:
Basi usimwulize swali lolote. Mpe picha mkononi, unyamaze, simu iwe inarekodi.

Mleta uzi (mrejesho, Jumapili usiku):
Nimetoka kwa shangazi. Niliichapisha kubwa nikaiweka mapajani mwake. Hakusema "baba". Alisema, "Babu huyu. Kapteni wa Marini." Kisha akaweka kidole kwenye upanga: ulikuwa wa mti, umevikwa karatasi ya fedha ya makasha ya chai, na yeye akiwa mtoto aliuona uvunguni mwa kitanda cha bibi yake mpaka mchwa walipoumaliza. Baba yake kweli alikwenda Bama, lakini aliondoka askari wa kawaida na kurudi askari wa kawaida. Cheti kipo, nimekishika. Kumbe tulikuwa na wazee wawili na vita viwili, tukawafanya mtu mmoja.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyempigia mdogo wake. Waliongea muda mrefu, mimi nilitoka nje. Niliporudi alinipa simu, na baba mkubwa aliniuliza jambo moja tu: "Na huyo Kapteni amezikwa wapi?" Shangazi anapajua, chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya zamani, hapana jiwe wala jina.

Fundi hajaanza kuchonga. Kesho asubuhi nampelekea maneno mapya ya kibao cha babu, na nitamuuliza bei ya cha pili.